Mlalamikaji wa Nateete

Baba yangu ni mtu wa kulalamika, na nalisema hilo kwa mapenzi, maana mengi ya malalamiko yake nimeyaandika mimi kwa vidole vyangu. Analalamikia chai, redio, mlango wa jirani, na namna Mama anavyokunja mashuka. Kitu kikiwa sawa, hasemi. Ukimpikia akala akamaliza akanyamaza, basi ujue umefaulu. Nimekulia ndani ya kimya hicho, na zipo siku nilitamani nimshike mabega nimtikise: mzee, sema "vizuri" mara moja tu, hutakufa!

Alikuwa askari polisi. Alishuka kutoka kaskazini akiwa kijana, baada ya vita vya themanini na sita kwisha, akapewa chumba kwenye kota za polisi Nsambya, na humo ndimo nilimozaliwa. Mama ni Mkenya. Alikuja Kampala kutafuta, akapata kibanda katika soko la Owino cha kuuza mashuka ya mtumba, kisha akampata Baba. Nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu hatukuwa na lugha nyingine ya kutukutanisha sote. Mama alikuwa na chake cha Kenya, Baba na chake cha kambini, kile kinachokata kona, na mimi nikaokota vyote viwili.

Kazi ya Baba ilikuwa kaunta ya stesheni ya polisi, kwenye kitabu kikubwa cha matukio. Kila kilichoingia kitabuni kilitakiwa kusema nani ameona, wapi, saa ngapi, na nini kimetokea. Neno "labda" halikuingia. Nyumbani vilevile. Kikombe kikivunjika, unaitwa mezani kutoa stetimenti. Ukisema labda ni paka, ananyanyua mkono: "Mimi hapana taka labda. Nani naona?" Mama alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Jamani, nilidhani nimeolewa na mtu, kumbe nimeolewa na stesheni!"

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilimpiga binti wa jirani kwa kifuniko cha sufuria pale bombani, kwa sababu aliruka foleni halafu akaniita jina ambalo silirudii hapa. Mama yake akanivuta sikio mpaka kaunta. Nani yuko zamu? Baba. Nikashusha pumzi, nikajua nimeokoka. Baba akaniangalia, akamsogezea mwenzake kalamu. "Huyu ni wa kwangu," akasema. "Andika wewe." Akavaa kofia, akatoka nje. Nikabaki peke yangu mbele ya askari nisiyemjua, natoa stetimenti huku machozi na kamasi vinashindana. Siku hiyo niliiweka moyoni kwa miaka mingi, na kila nilipomkasirikia Baba niliitoa nikaipangusa vumbi.

Alipostaafu tulihamia Nateete, kwenye vyumba vitatu na kiuwanja cha kuanikia nguo. Kisha macho yakaanza kumwacha. Presha ya macho, daktari alisema. Matone ya dawa asubuhi na jioni yangelinda kidogo kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa mwanga wa dirisha na vivuli vya watu. Mtu aliyezoea kusoma gazeti mpaka matangazo ya vifo sasa alimngoja Mama arudi Owino amsomee, na Mama naye amechoka, anaruka mistari.

"Hapo umeruka," anasema Baba.

"Nimeruka wapi, baba watoto?"

"Mimi najua. Hiyo habari hapana ingia."

Mimi wakati huo nilikuwa natengeneza kompyuta katika ofisi moja mjini. Nikampatia laptopu kuukuu na programu ya kumsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Ilikuwa programu huria, yaani haina mwenyewe wa kuiuza. Imeandikwa na watu waliotawanyika duniani, wengi hawajawahi kuonana, na mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani aone ilivyotengenezwa. Ukiona kasoro, unaandika ripoti kwenye ukurasa wao ulio wazi kwa wote. Ukiweza kuirekebisha, unatuma marekebisho, na mwanachama mmoja anayakagua kabla hayajaingia. Kiswahili ilikuwa nacho, lakini kilikuwa kigonjwa, maskini.

Asubuhi ya kwanza Baba alibonyeza kitufe cha saa ili ajue kama wakati wa matone umefika. Programu ikamwambia ni saa nane asubuhi.

"Saa nane asubuhi iko nchi gani?" aliuliza. Akabonyeza tena. Ikarudia. Akageuza uso wake upande niliokuwa nimesimama. "Mama," aliniita, maana ndivyo ananiita akiwa na kazi ya kunipa, "leta karatasi. Andika."

Nikaandika. Mlalamikaji, mwanaume, mtu mzima, akiwa ameketi sebuleni kwake Nateete, redio ikiwa imezimwa, alibonyeza kitufe cha saa mara moja, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Programu ikasema saa nane. Alibonyeza mara ya pili kuhakikisha, na programu ikarudia uongo wake. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa karibu na kitufe.

Nikaigeuza Kiingereza neno kwa neno, huku nacheka, nikaituma. Akaunti ilikuwa yangu, kwa hiyo ripoti ilikwenda na jina langu. Wallahi sikuwaza chochote.

Jamani, wale watu waliipenda! Kumbe ripoti nyingi wanazoletewa zinasema tu "haifanyi kazi", basi, na wao wanabaki kubahatisha. Ya kwetu ilisema kila kitu. Mwanamume mmoja, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea ripoti, aliandika kwamba angetamani wote wangeandika hivyo. Mwanamke mmoja wa nchi ya baridi, aliyesimamia sauti za programu, aliuliza kama kweli sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Nikamweleza. Akasema, "Basi kwa nini usiirekebishe mwenyewe? Nitakuonyesha pa kuanzia."

Nilijifunza kwa kugonga mwamba. Marekebisho yangu ya kwanza yaliwapunguzia masaa sita hata Wajerumani. Niliomba radhi kwa watu ambao sijui hata wanaishi wapi, nikaketi tena mezani, Baba kando yangu na chai yake, ananisikiliza ninavyoitukana kompyuta. Siku programu iliposema "saa mbili na dakika tano asubuhi", nilimtazama. Alinyamaza, akanywa chai.

Tukaendelea hivyo karibu mwaka mzima. Baba analalamika, mimi naandika, kisha nahangaika kutafuta dawa. Gazeti, ambalo sasa nilimfungulia kwenye skrini, ndilo lililotutoa jasho. Programu ilisoma ukurasa moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, ikavuka safu zote, ikachanganya matangazo ya vifo na mpira. Asubuhi moja ilimtangazia Baba kwa sauti tulivu kwamba marehemu ameacha mjane na watoto sita katika dakika ya themanini. Mama alilazimika kutoka nje akacheke huko. Baba hakucheka. "Andika," alisema.

Basi ndipo yule mwanamke wa nchi ya baridi aliponiambia niombe uanachama wa wachangiaji. Mwanachama anakagua kazi za wengine, na Kiswahili chote kingekuwa mikononi mwangu, bila kungoja wiki tatu mtu asiyejua "saa moja" anikubalie. Masharti yalikuwa machache. Uwe umefanya kazi kwa miezi kadhaa, uorodheshe kazi zako kwenye ukurasa wa ombi, na upate wanachama wawili wa kukudhamini, watu walioiona kazi yako kwa macho yao. Anayekubali anaandika alama ya kujumlisha na namba moja. Ukipata mbili, umeingia.

Niliutaka uanachama huo kupita kiasi, bora niseme wazi. Niliutaka kwa ajili ya kazi, na niliutaka kwa ajili ya mzee mmoja aliyeketi na chai. Nilitaka watu wa dunia nzima wanyooshe kidole kwangu waseme huyu anajua, na yeye awe amekaa hapo anasikia.

Nikaandika orodha, nikaiweka kwenye ukurasa wao, kisha nikamsomea. Nilianza na ripoti, kwa sababu ndizo zilizosifiwa.

"Ripoti ya kosa la saa," nikasoma. "Ripoti ya safu za gazeti. Ripoti ya..."

"Nani naona?"

"Baba?"

"Kosa la saa. Nani naona?"

"Uliona wewe. Mimi nikaandika."

"Wao najua hivyo?"

"Baba, ni kitu kidogo. Kule hakuna anayeuliza nani alikalia kiti gani."

"Umesema wanataka kazi ya mtu mwenyewe. Wewe uliandika tu, mimi ndio nilibonyeza. Hiyo stetimenti ni ya uongo."

Uongo! Mimi! Baada ya mwaka mzima wa kuvunja kichwa kwa ajili yake! "Hii si stesheni!" nilifoka, nikaifunga laptopu kwa kishindo mpaka ikalia.

Nilinuna siku mbili. Nilimtilia matone yake bila neno, naye akayapokea bila neno, na safari hii kimya chake hakikuwa cha sifa. "Nyinyi wawili ni mtu mmoja aliyekatwa katikati," Mama alisema, akabeba mzigo wake wa mashuka, akaenda zake Owino.

Siku ya tatu hasira ilipungua, na kilichobaki chini yake kilikuwa aibu. Mzee alisema kweli. Nikafungua ukurasa wa ombi, mbele ya macho ya watu wote, nikaandika kwamba ripoti zote zilizo na jina langu ni za baba yangu, askari mstaafu, asiyeona, na kwamba mimi nilikuwa karani tu. Nikazifuta kwenye orodha. Yakabaki marekebisho yangu peke yake, machache, madogo, mengine ya mstari mmoja. Yalionekana kama nguo za mtoto kwenye kamba ya watu wazima.

Mwanamke wa nchi ya baridi alijibu saa ileile. Alisema marekebisho yangu ameyakagua yeye mwenyewe, moja moja, na akaandika jumlisha moja. Yule mwanamume wa ripoti alikuwa mpole, lakini hakuandika. Alisema yeye alinifahamu kwa ripoti, na kama ripoti si zangu, hajui tena kazi yangu ni ipi na ya mwingine ni ipi. Angehitaji kuelewa zaidi kwanza. Siwezi kumlaumu. Nilimlaumu sana siku hiyo, lakini sasa siwezi.

Halafu akauliza kama baba yangu angependa kuomba uanachama yeye.

Nilimsomea Baba. Alitaka sheria zao zote, nimsomee kuanzia mwanzo, asije akaweka sahihi kwenye kitu asichokijua. Nilisoma mpaka sauti ikakauka. Akakubali. Nikamfungulia akaunti yake. Jumlisha moja zikaja mbili ndani ya siku mbili, na watu wengine watatu ambao hawakuhitajika wakaandika za kwao kwa furaha tu. Nilifurahi naye, kweli kabisa, na wakati huohuo nilimwonea wivu. Mimi nilikuwa bado nje mlangoni.

Kisha akili ikanijia. Nilipiga kofi paja langu.

"Baba! Sasa wewe ni mwanachama. Nidhamini!"

"Hapana."

"Hapana nini? Sheria haikatazi, nimekusomea yote. Wewe ndiye unayeijua kazi yangu kuliko mtu yeyote!"

"Wewe ni wa kwangu," akasema.

"Ndiyo yaleyale! Kama siku ile ya kaunta. Ukavaa kofia yako ukaniacha peke yangu na mtu nisiyemjua!"

Mama ndiye aliyejibu, kutoka jikoni, wala hakuacha kukatakata mboga zake za sukuma. "Peke yako wapi? Huyu alisimama nje chini ya dirisha mpaka ulipomaliza. Alirudi nyumbani akanitolea stetimenti yako yote, neno kwa neno, pamoja na lile tusi la bombani. Chakula kikapoa. Wewe hukujua?"

Sikujua. Nilimtazama Baba, naye akawa anapapasa meza kutafuta kijiko ambacho kilikuwa palepale mbele yake. Nikakisogeza mpaka mkononi mwake.

Jumapili yake Mama alikuwa hajarudi kutoka kanisani, na mimi nilikuwa uwanjani nafua, chini ya dirisha la sebule. Nikasikia laptopu inawashwa. Baba alijifunza kupiga taipu stesheni kwa vidole viwili, na programu ilikuwa inamtajia kila herufi anayobonyeza, kisha neno likiisha inalisema lote. Sauti alikuwa ameifungua mpaka mwisho, kama anavyofungua redio. M. I. M. I. Mimi. S. I. Si.

Nikafunga bomba ili nisikie.

Alichukua muda mrefu. Aliandika kwa Kiswahili. Baadaye aliniambia mahakama zote ziko na wakalimani, wao watafute wa kwao. Mimi nilibaki nimeinama juu ya beseni na shati lake mkononi, naokota herufi moja moja. Alipomaliza, aliirudisha programu juu kabisa, ikamsomea yote kwa mfululizo.

"Mimi si mdhamini," ilisoma ile sauti. "Huyu muombaji ni mtoto wangu, kwa hiyo kura yangu isihesabiwe. Mimi nasema kama mlalamikaji peke yake.

"Lalamiko la kwanza, saa. Mimi nililalamika. Yeye alitengeneza, hapa mezani, jioni sita. Nilikuwa nasikia anagonga vitufe na kutukana. Mara ya kwanza aliharibu saa ya watu wengine. Aliomba msamaha, akatengeneza tena. Sasa saa ni ya kweli, na dawa yangu natia kwa wakati.

"Lalamiko la pili, gazeti. Mimi nililalamika. Yeye alitengeneza, wiki tano. Sasa marehemu wako upande wao na mpira uko upande wake.

"Lalamiko la tatu. Ukurasa ukiisha, programu ilikuwa inanyamaza tu, kama mtu ametoka chumbani bila kuaga. Mtu asiyeona anabaki anangoja. Mimi nililalamika. Yeye alitengeneza. Sasa inaaga.

"Kila mara mimi nilikuwepo. Hakuna mtu mwingine aliyeshika kompyuta. Siku ya saa niliposikia imesema sawa, nilitaka kumwambia kitu, nikanywa chai. Naandika hapa. Mlalamikaji hana malalamiko zaidi."

Kisha, kama nilivyoifundisha, programu ikasema kwamba ukurasa umefika mwisho.

Maji yalikuwa yananitiririka mpaka kwenye viwiko, na usoni pia, na hayo ya usoni hayakutoka kwenye beseni.

"Nani hapo nje?" aliita Baba.

"Mimi, Baba."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu mwanzo."

"Basi wewe ni shahidi," akasema. Nikasikia kitufe, na sauti ikamwambia imetumwa.

Yule mwanamume wa ripoti aliandika jumlisha moja kabla shati halijakauka. Niliingia ndani na simu mkononi, nikamsomea Baba: alisema sasa ameelewa nani alifanya nini, hajawahi kuona ombi lililothibitishwa hivi, karibu. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akanyamaza, akanyoosha mkono kutafuta kikombe chake, nikamimina chai, nikaketi karibu naye.